Umesema ni chanzo huria. Hukusema nani alikileta

Jumanne iliyopita nilimsindikiza mama mdogo hadi kwenye kibanda kimoja cha fotokopi hapa Lubumbashi, katika komini ya Kenya, kwa sababu alitakiwa kujaza fomu kwenye intaneti na miwani yake ilikuwa imevunjika. Umeme ulikuwepo, jambo ambalo peke yake lilistahili shukrani. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikaandika herufi mbili tu za anwani niliyoitaka, na kivinjari, kwa ukarimu ambao hakuna aliyeuomba, kikanimwagia yote yaliyotafutwa na waliokalia kiti kile kabla yangu. Mstari wa kwanza ulikuwa swali la mwanamke aliyetaka kujua namna ya kumeza dawa za ugonjwa fulani bila mume wake kufahamu. Mama mdogo, ambaye bila miwani hasomi hata Zaburi, mstari ule aliusoma. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Huyu ni mtoto wa nani?"

Nilimwita kijana wa kibanda. Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Papa, usiogope. Kivinjari hiki ni cha chanzo huria. Hapa hakuna anayekuchungulia."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Neno hilo, chanzo huria, maana yake ni kwamba msimbo, yaani maandishi ya maagizo yanayounda programu, umewekwa wazi ili yeyote ausome na kuutumia; lakini limegeuka hirizi: linavaliwa shingoni na kijicho kinatarajiwa kukimbia chenyewe. Kijana hakukosea kuhusu leseni. Firefox ni ya chanzo huria, Chromium (ile ya Google ambayo ndiyo msingi wa Chrome) pia, Brave pia, Tor Browser (kivinjari cha kumficha mtumiaji asijulikane) pia. Lakini leseni haijui kwamba kompyuta moja inakaliwa na watu makumi kwa siku. Waliounda vivinjari hivi walimfikiria mtu mmoja na kompyuta yake moja. Kwake yeye, kukumbuka historia na kuhifadhi maneno ya siri ni huduma. Kwenye kibanda chetu, huduma ileile ni uchongezi. Nilikuta akaunti tatu za barua pepe zimeachwa wazi, na mojawapo ilikuwa ya mtu ninayesali naye.

Nilifuta historia yote. Kijana alikasirika, kwa maana historia ile ndiyo iliyomsaidia kuzifungua upesi kurasa zinazotakiwa na wateja. Sikumwomba radhi.

Nikamuuliza kivinjari chenyewe alikipata wapi. Alisema kwa fahari kwamba hakupoteza hata mega moja, faili alipewa na rafiki yake kwenye flashi. Na nani asiyefanya hivyo mjini humu? Simu kwa simu, kwa Xender au kwa Bluetooth, programu huzunguka kama chumvi kati ya majirani, kwa sababu mega zina bei na mshahara hauna haraka. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Hata hivyo tuelewane. Msimbo unaosomwa na wataalamu wa dunia nzima ni ule uliowekwa hadharani na mradi wenyewe. Faili iliyomo kwenye flashi ni kitu kingine mpaka ithibitike kwamba imetokana na msimbo ule. Uwazi unampa mtu mwaminifu nafasi ya kukagua, na tapeli nafasi ya kuchukua msimbo wote bure, kupachika mistari yake michache ya kunakili maneno ya siri, kuunda faili yake, na kuivalisha nembo ya Firefox, mbweha yuleyule wa rangi ya chungwa. Kila mama wa hapa anajua unga wa mahindi unavyosagwa, lakini ujuzi huo haumzuii kuchungulia mshono wa mfuko uliopitia mpaka wa Kasumbalesa kabla hajalipa, kwa kuwa mfuko unaweza kuwa wa kinu kinachosifika na unga ukawa wa mwingine kabisa. Kwenye unga tuna macho makali namna hii, na kwenye kitu kinachoshika nenosiri la benki na la mpenzi tunapokea chochote kilichotoka mfukoni mwa rafiki.

Android inao ulinzi mzuri katika jambo hili, ila wengi tunauelewa nusu. Kivinjari halali kikiwa tayari kimo ndani ya simu, simu itakataa sasisho lake lisilo na saini ya dijitali, yaani muhuri usioigika, ya mtengenezaji yuleyule. Lakini siku ya kwanza simu haina saini ya kulinganisha, kwa hiyo anayetangulia kuingia ndiye anayegeuka mwenye nyumba. Ikiwa aliyetangulia ni bandia aliyejivika utambulisho wa Firefox, basi sasisho halali la Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ndilo litakalofukuzwa mlangoni, na mwenye simu atalalamika kwamba Firefox imeharibika. Ndiyo maana nasema usakinishaji wa kwanza ndio unaostahili kulipiwa mega. Sasisho linaweza kungoja mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza, faili itoke kwa mwenyewe au kwenye duka rasmi la programu. Watu wa Tor Browser walilichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wengi: tangu 2013 wanaunda kivinjari chao kwa utaratibu unaomwezesha mtu mwingine, akianza na msimbo uleule, kupata matokeo yaleyale baiti kwa baiti, ili asilazimike kuamini neno la mtu. Huo ndio uwazi ninaouheshimu. Tor Browser ni nzito na ya polepole, najua, na intaneti ikikatwa nchi nzima kama tulivyokatiwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, haitakusaidia chochote.

Tuseme sasa kwamba faili ni halali. Bado kuna swali la nani anamlipa mpishi. Mwaka 2015 watumiaji wa Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, waligundua kwamba Chromium, pamoja na uhuria wake wote, ilikuwa inapakua kimyakimya kijenzi kilichofungwa, yaani kipande cha programu ambacho msimbo wake hauonekani, cha kusikiliza neno la kuamsha utafutaji wa sauti wa Google. Google ilijibu kwamba hakifanyi kazi mpaka mtumiaji akiwashe, kisha ikakiondoa. Mwaka 2020 Brave, inayojinadi kwa faragha, ilikutwa ikikamilisha anwani ya soko la sarafu za kidijitali la Binance kwa kiungo kilichoiletea yenyewe kamisheni. Mkuu wake, Brendan Eich, aliomba radhi. Nayo Mozilla, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa Google, mwaka 2024 iliweka ndani ya Firefox 128 mfumo wa kuwapimia watangazaji mafanikio ya matangazo yao, ukiwa umeshawashwa bila kumuuliza mtu. Mwanzoni mwa 2025 ikaifuta ahadi yake ya zamani kwamba haiuzi data za watu, na kelele zilipopanda ikaanza kufafanua kwamba neno "kuuza" lina maana nyingi kisheria. Mama mdogo ameuza samaki miaka mingi sokoni na neno hilo halijawahi kumchanganya.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba msimbo ulio wazi huwanyima wakubwa hawa raha ya kukanusha. Kivinjari kilichofungwa kingefanya yaleyale, nasi tungebaki na tetesi. Nakubali pia kwamba Firefox, pamoja na madoa yake, ndiyo niliyo nayo kwenye simu, kwa sababu mipangilio ile mibaya inazimika kwa dakika mbili na kwa sababu inaniruhusu kuongeza uBlock Origin, jambo ambalo Chrome ya kwenye Android haikubali. Kiendelezi hicho huzuia matangazo na wafuatiliaji kabla hawajapakuliwa. Mnaonishangaa mkisema faragha ni anasa ya Wazungu, jueni kwamba wale wanaowafuatilia wanatumia mega mlizonunua nyinyi.

Wapo watakaonijibu kwamba Opera Mini nayo inaokoa mega. Inaokoa kweli. Lakini si ya chanzo huria, na katika hali yake ya kubana kwa nguvu zote, kurasa hupitia kwenye seva za Opera, ambako hufunguliwa na kubanwa kabla ya kukufikia, hata zile zenye alama ya kufuli. Kwa matokeo ya mpira, sawa. Kwa barua ya daktari, hapana.

Kuhusu sheria, nchi yetu inayo Kanuni ya Dijitali tangu Machi 2023, yenye sehemu nzima juu ya data binafsi. Sijaiona imebandikwa kwenye kibanda chochote.

Jumamosi nilirudi kwa yule kijana, nikiwa nimepakua Firefox kutoka kwenye tovuti ya Mozilla yenyewe kwa mega zangu. Tuliondoa ile ya flashi kwenye kompyuta zote nne, tukaweka mpya, tukaiamuru isihifadhi maneno ya siri na ifute historia, vidakuzi (vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha ili kumkumbuka mtu) na kila kitu inapofungwa. Alikuwa msikivu kuliko nilivyomdhania, na aliandika kila hatua kwenye daftari. Mwishoni akaomba kompyuta moja, ile ya karibu na mlango, ibaki ikikumbuka historia, kwa sababu wapo wazee wanaokuja kila asubuhi kuomba "ile page ya jana", na bila historia hajui ni ipi. Nilibishana naye karibu nusu saa, kisha umeme ukakatika, na kompyuta ya karibu na mlango ikabaki kama alivyotaka.