Ziwa letu linampa mtu masaa ya kupona, mbona bado tunazika

Huku Fraserburgh, Uskoti, tunaingia mwisho wa winta na watu wa nyumbani wakinipigia wanadhani ubaya umeisha, kumbe kwa watu wa bahari huu ndo wakati mbaya kabisa. Bahari inapoa polepole kuliko nchi kavu, kwa hiyo ikifika Februari na Machi, mchana umeanza kurefuka na watu wameanza kutoka na koti jepesi, maji ndo kwanza yamefika kwenye baridi yake ya mwisho, nyuzi 6 au 7 hivi, na hapo hapo dhoruba za Atlantiki bado zinafuatana. Februari 2022 zilipita tatu ndani ya wiki moja, Dudley, Eunice na Franklin, maana huku tangu 2015 dhoruba wanazipa majina, na hiyo Eunice upepo wake kwenye kisiwa cha Wight kule kusini ulipimwa ukafika km 196 kwa saa.

Mi nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki hapa, jina tuliache, na nyumbani ni Majanji, Busia ya Uganda, pale pale Ziwa Victoria, kwenye mwalo ambapo Msamia, Mjaluo, Msoga na Mganda wote wanauziana mukene, wale dagaa wa ziwani, kwa Kiswahili. Sio mtaalamu wa hali ya hewa. Ila nimekaa kwenye maji ya aina mbili na kuna kitu nimekishika moyoni muda mrefu na leo nakisema: nyumbani watu wetu wanakufa kwenye maji ambayo yangewaacha wapone.

Hebu fikiria. Mtu akianguka kwenye bahari ya hapa mwezi wa tatu, baridi inamkata pumzi pale pale, anavuta maji bila kutaka, akivuka hapo basi dakika chache tu mikono inakufa ganzi, hata ukimtupia kamba hawezi kuishika, na hata akiwa amevaa laifu jaketi bado baridi yenyewe inammaliza asipotolewa haraka. Sasa njoo ziwani kwetu. Maji ya Victoria mwaka mzima ni nyuzi 24 na kuendelea. Baria, yaani kijana anayevua kwenye boti ya mtu, akiwa amevaa laifu jaketi, boti ikipinduka saa nane usiku kati ya visiwa vya Sigulu na Lolwe, anaweza kuelea mpaka kupambazuke na boti ya wengine impitie. Masaa hayo, sio dakika. Alafu uliza wapi wanazika zaidi. Makadirio yanayotajwa sana kwa ziwa lote, nchi zote tatu, ni kati ya watu 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Huku wakizama wavuvi wawili watatu wa boti moja inakuwa habari ya nchi nzima, kuna ofisi ya serikali kazi yake ni kuchunguza ajali za majini tu, na ripoti inatolewa kila mtu asome ilikuwaje.

Najua jibu ambalo nitapewa, manake nimelisikia kwa ndugu zangu wenyewe: wazungu wana helikopta na mitambo, sisi tuna nini. Helikopta zipo, sikatai. Na kuna watu wa RNLI, boti za uokoaji tangu 1824, wengi wao ni wa kujitolea, fundi, mwenye duka, mvuvi, akiitwa anaacha chakula mezani anakimbia bandarini. Lakini ukikaa hapa unaona hayo ni ya mwisho. La kwanza ni kwamba boti haikutoka. Pita bandarini asubuhi ya upepo wa kaskazini mashariki uone, boti zimefungwa kamba mara mbili, maboya ya ubavuni yanabanwa na ukuta yanalia, mvua ya barafu inakuja kwa ubavu inachoma uso, na kwenye sitaha hakuna mtu hata mmoja. Hizo ni boti za pesa nyingi ambazo zina madeni benki, na zimelala. Kiwandani siku kama hiyo tunaambiwa samaki hawajaingia, rudini nyumbani, masaa yetu yanakatwa, na sisi pia mfuko unauma. Ila sijawahi kusikia mtu akimwita nahodha mwoga. Hicho ndo kitu nimekitamani kwetu kuliko barabara zao na mataa yao.

Na wasikudanganye kwamba walizaliwa hivyo. Hapa hapa Fraserburgh, 9 Februari 1953, boti ya uokoaji ilipinduka kwenye mlango wa bandari, wakafa sita kati ya saba. Januari 1970 nyingine ya mji huu huu ikapinduka baharini, wakafa watano kati ya sita. Hao walikuwa wanaenda kuokoa wengine jamani. Na ukirudi nyuma zaidi, Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ikitoka Australia ilivunjwa na dhoruba kwenye pwani ya Wales, watu zaidi ya 400 wakaisha. Ndo bwana mmoja FitzRoy, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa, akaanza Februari 1861 kutuma onyo la dhoruba kwa telegrafu mpaka bandarini, pale wanatundika alama juu ya mlingoti, hata asiyejua kusoma anaona kwamba leo hapana. FitzRoy alipokufa wasomi wakasema kazi yake sio sayansi, onyo likasimamishwa mwishoni mwa 1866. Watu wa bahari wakapiga kelele, na 1867 likarudishwa. Hapo nataka wenzangu wa mwaloni mpaangalie vizuri, kwamba waliolilia onyo lirudi ni wale wanaopanda boti.

Siku hizi utabiri wa meli unasomwa kwenye redio ya BBC, bahari imegawanywa maeneo 31, sisi tuko Cromarty, na mpangilio haubadiliki, upepo unatoka wapi na nguvu yake, hali ya bahari, mvua, umbali wa kuona. Wakikwambia upepo wa dhoruba uko karibu kabisa maana yake ndani ya masaa 6, ukisogezwa mbele kidogo ni kati ya 6 na 12, na ukiwa wa baadaye ni zaidi ya 12. Hakuna kubahatisha. Wazee wa hapa wana simu na mitambo inaonyesha kila kitu na bado wengine wanausikiliza, saa ile ile, mpaka mke jikoni anajua kama mumewe kesho anatoka au anabaki.

Lakini nisiwaonee watu wa utabiri wa nyumbani. Ziwa letu ni gumu kulitabiri kuliko bahari hii, hilo niseme wazi. Dhoruba ya huku unaiona siku tatu nne kabla, inakuja kutoka Atlantiki kubwa kama nchi, kila mtu anaisubiri. Ya kwetu inazaliwa hapo hapo usiku. Mchana nchi kavu inapata moto, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mvua inapiga vilima. Usiku inageuka, nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unashuka kutoka pande zote unakutana katikati ya maji, hewa ya joto yenye unyevu inapanda, na kati ya usiku wa manane na alfajiri radi inaanza, alafu hewa baridi inaporomoka kutoka kwenye wingu inakupiga ghafla mawimbi yanasimama. Nusu saa, saa moja, imeisha, jua linatoka ziwa limetulia na watu hawapo. Na huo ndo muda wa mukene! Usiku wa giza, mwezi haupo, taa juu ya maji, nyavu chini. Sisi kazi yetu yenyewe iko ndani ya saa ya dhoruba.

Sasa hata hivyo utabiri upo. Kulikuwa na mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017 kwa pesa ya Uingereza chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wakakaa na wavuvi na watu wa hali ya hewa wa nchi zote tatu, wakatengeneza utabiri wa ziwa kwa kanda, una alama za upepo na mawimbi na mvua ambazo baria yeyote anaelewa. Watu wetu wa UNMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda, wanautoa. Mi mwenyewe nikiwa huku naufungua kwenye simu nausoma, namtumia mdogo wangu Majanji, na naumia kweli kweli kwamba mtu aliye Uskoti anajua upepo wa Lolwe wa usiku huu wakati anayeweka petroli kwenye injini pale mchangani hajui.

Na hata akijua. Hapa ndo kidonda kilipo. Jioni mwaloni tajiri, yaani mwenye boti, amesimama na jerikani ya petroli ameinunua kwa mkopo, taa zimechajiwa, mabaria wanne wamekaa kwenye ukingo wa boti. Mmoja anaangalia wingu limejikusanya kusini anasema mzee leo ziwa sio zuri. Unajua anachojibiwa. Kama unaogopa shuka, vijana wapo wengi. Na baria halipwi mshahara, analipwa sehemu ya samaki, asipotoka hapati kitu, watoto wanalala njaa, kwa hiyo anapanda. Huyo hajakosa utabiri, amekosa ruhusa ya kuutumia. Hata UNMA watume meseji kila saa, kama yule kijana hana haki ya kusema leo sitoki na kesho bado ana kazi yake, ile meseji ni kelele tu.

Alafu majaketi. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alizama akirudi kutoka kisiwani kwenye boti ya abiria. Walipoivuta ile boti wakakuta majaketi yamo, mazima, mengine hata nailoni ya dukani haijatolewa, yamewekwa chini kabisa na juu yake magunia ya mukene, yamefungwa kwa kamba moja ili yasipotee. Yalinunuliwa kwa ajili ya askari wa kukagua, sio kwa ajili ya watu. Maji yale ni ya nyuzi 25. Alikuwa kijana, anajua kuogelea, alikuwa anahitaji kitu cha kumshikilia juu mpaka asubuhi basi.

Tarehe 2 Agosti 2023 boti ilitoka visiwa vya Kalangala ikielekea Kasenyi, imejaa makaa na vyakula na mukene, ikazama alfajiri, 20 wakafa, wakaokolewa 9. Polisi walisema mzigo ulizidi na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Nilisoma nikawa nangoja ripoti kama zile za huku, imeondoka saa ngapi, nani aliruhusu, utabiri wa usiku ule ulisemaje, majaketi mangapi. Mpaka leo mi sijaiona mahali. Watu wakasema ajali ni ya Mungu, na wengine wakamtaja Mukasa, mungu wa ziwa wa jadi, na mi naheshimu dini na naheshimu wazee, lakini Mungu huyo huyo ndo katupa maji ya joto.

Sasa mwezi wa tatu umefika, winta ya huku inaondoka kwa fujo na nyumbani mvua za Machi mpaka Mei zinaanza, radi za usiku zinaongezeka. Kwa hiyo naomba vitu ambavyo havihitaji helikopta. Kila mwalo uwe na mtu mmoja, saa kumi na moja jioni kabla boti hazijasukumwa, asome utabiri kwa kipaza sauti kile kile cha kutangaza bei ya samaki, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, saa ile ile kila siku hata kama ziwa limetulia. Bendera nyekundu juu ya mti usiku ambao sio wa kutoka. Matajiri wakubaliane wenyewe kwa wenyewe kwamba usiku wa bendera hakuna anayetoka, ili asiwepo wa kubaki akimtazama mwenzake anavua, na wakatenge kidogo kwenye usiku mzuri cha kuwapa mabaria unga usiku mbaya. Hiyo ya unga ndo ngumu na ndo yenye maana kuliko zote, bila hiyo nyingine hazitasimama.

Na sisi tulio nje tunaotuma pesa kila mwezi ya harusi na ya bati, tutume na majaketi, mi nimeanza na boti ya mjomba. Nimemwambia kwa simu sharti ni moja, mtu anavaa kabla injini haijawashwa, na gunia halikai juu ya jaketi. Amekubali. Nimemwomba mdogo wangu awe anashuka mwaloni kuhakikisha, na tajiri wa boti ya jirani ameshauliza bei ya majaketi.