Inchi ya fundi na ekari ya dalali

Simama nusu saa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Fundi anaagiza mbao za mbili kwa nne, futi 12. Nondo anazitaka za milimita 12, bati geji 28 za mita tatu, bomba la nusu inchi, simenti mifuko ya kilo 50. Muuzaji hamuulizi mara mbili.

Wapo wanaokereka, na hoja yao ina uzito. Shuleni tumefundishwa mita na kilo, mchoro wa mhandisi umejaa milimita, halafu kule saiti inatawala inchi aliyoiacha Mwingereza. Kijana aliyetoka chuoni anaanza upya kujifunza kwa fundi ambaye hajasoma. Kwa nini tusichague kimoja?

Mimi kwa upande wa saiti sioni janga. Inchi ya fundi imeshageuka kuwa jina tu. Bomba la plastiki linaloitwa nusu inchi limeandikwa ubavuni milimita 20, na "robo tatu" ni milimita 25. Ukiipima mbao ya mbili kwa nne kwa rula, mara nyingi hata hizo inchi hazitimii, lakini kila mtu anajua ni mbao gani. Bati la futi kumi linalizidi la mita tatu kwa takriban sentimita tano, na tofauti hiyo humezwa pale bati moja linapolalia jingine. Wala si ushamba wetu peke yetu: tairi ya gari duniani kote huandikwa upana kwa milimita na rimu kwa inchi, kwa mfano 195/65 R15.

Kwenye ardhi ndipo ninapowaunga mkono wanaolalamika.

Vijijini ekari ni "sabini kwa sabini". Sabini za nini? Ukichukulia hatua moja ni yadi, hesabu inakaribia kabisa: yadi za mraba 4,900, wakati ekari halali ni 4,840, yaani mita za mraba 4,047. Lakini kijana mwenye tepu husoma sabini hizo kama mita, akapata mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari moja na moja ya tano. Dalali naye anatembea. Hatua yake ikiwa sentimita 75, mnunuzi anaondoka na mita za mraba 2,756, kama theluthi mbili ya alicholipia. Neno ni lilelile, mashamba matatu tofauti.

Hasara haiishii kwenye bei. Mbegu za mahindi kilo 25 kwa hekta ni kama kilo 10 kwa ekari. Aliyepima sabini kwa mita atashangaa mbegu hazitoshi, kisha atajisifu amevuna gunia 20 kwa ekari, kumbe kwa ekari halisi ni 16 na nusu. Jirani aliyeuziwa hatua fupi analima kwa bidii ileile na kuonekana mvivu.

Je, tuifute ekari, tubaki na hekta? Sidhani. Mwenye ekari moja na nusu hatasema ana hekta 0.6, na bwana shamba mwenyewe akimtembelea hugeuza hesabu kuwa ekari ili waelewane. Neno libaki mdomoni, ila karatasi ya mauziano iandike mita za mraba, zilizopimwa kwa tepu pande zote nne, wauzaji, wanunuzi na mashahidi wakiwa wameishika.

Siku hizi karatasi nyingi husema tu "shamba la ekari mbili, mashariki limepakana na mwembe". Mwembe ukishakatwa mkaa, watu hurudi kwa dalali na kumwomba atembee tena.