Mto Kawa hauna mwenyewe

Bili ya maji imeingia leo hapa Bruxelles, Ubelgiji, nikakasirika. Maji niliyotumia ni sehemu tu ya deni; mengine ni gharama ya kuyasafisha baada ya mimi kuyachafua. Yaani nalipia hata maji niliyooshea sufuria na kuyamwaga! Hasira ilipopoa, nikawaza Kawa, mto wa kwetu Bukavu, Kongo.

Mnaujua. Unashuka toka mtaa wa Kadutu umebeba chupa, viloba, nepi, na kila kinachofunguliwa vyooni mvua kubwa ikianza. Vyote vinaingia Ziwa Kivu. Plastiki inaelea hadi pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, inaziba mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi I, umeme unakatika Bukavu. Chupa uliyoitupa mtaroni ndiyo inayokuweka gizani.

Najua yanayokuja: "Huyu ameshakuwa Mzungu, anatudharau." Hapana, wandugu. Mzungu mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Mto wa Bruxelles, Senne, ulinuka hadi wakaufunika kati ya 1867 na 1871 na kujenga barabara pana juu yake. Kuufunika hakukuusafisha. Maji ya vyoo yaliendelea kumiminika humo jinsi yalivyo hadi kituo cha kwanza cha kuyasafisha kilipofunguliwa mwaka 2000, na cha pili 2007. Mwaka 2000! Hao ndio waliokuja kutufundisha usafi kwa fimbo.

Kwa hiyo msiniambie sisi ni watu wachafu, sikubali. Mama zetu wanafagia uwanja kabla ya jua kutoka. Shida inaanza nje ya uzio: pale taka haina mwenyewe. Huku kuna anayelipwa kuishughulikia, na mto ukinuka anaulizwa. Kwetu tuna salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Nimeshika koleo, najua: tunatoa tope kwenye mtaro, tunalirundika pembeni, gari la kulibeba halifiki, mvua inalirudisha kulekule. Watu wanachoka, na wana haki ya kuchoka. Hata katazo la mifuko ya plastiki tunalo tangu Desemba 2017, lakini nenda sokoni ununue nyanya uone utafungiwa katika nini.

Mwingine atasema: "Watu wanakufa, wewe unaongea mitaro?" Ndiyo, naongea mitaro. Anayesombwa usiku na nyumba yake kwa sababu maji yamekosa njia naye amekufa, na watoto wake wanalia vilevile. Mji umejaa hadi kwenye kingo za mto. Tusipoupa mto nafasi yake, unaichukua wenyewe.

Na msiniambie pesa hakuna. Mama anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale soko la Kadutu anatozwa ushuru hata siku ambayo hajauza kitu. Sehemu ya ushuru huo iende Kawa: gari la taka, vijana wa mtaa walipwe kila mwezi, na jina la anayehusika libandikwe sokoni pamoja na hesabu, ili mama huyo ajue mlango wa kugonga mtaro ukiziba.