"Ni uzee tu"

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kliniki kwa ajili ya magoti. Tangu mwaka jana anashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, na swala zote anaswalia kwenye kiti. Tulikaa benchi tangu saa moja asubuhi. Daktari akamgusa goti, akaandika kidogo, akasema: "Bibi, ni uzee tu." Mama akamshukuru. Mimi ile "tu" imenikaa kooni hadi leo.

Uzee si jina la kufungia faili. Mwaka 1961, kule Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Husimama, lakini hazifi, na balaa lote liko hapo. Seli iliyozeeka hubaki palepale ilipo, inakula, na inamwaga kemikali zinazochochea uvimbe, zinazolainisha na kula gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, zinazozeesha hata seli jirani ambazo bado zilikuwa na nguvu. Mwili wa kijana una askari wa kuziondoa. Ukubwani askari wanachoka, seli zinarundikana. Goti la mama yangu limo humo! Mwaka 2017 watafiti walichukua panya walioumizwa goti, wakaziondoa seli hizo, na maumivu yakapungua, gegedu ikaanza kujijenga upya. Kitu kinachoweza kuondolewa hakiitwi "tu".

Haya, panya si mama. Dawa ya kuziondoa seli hizo ilipojaribiwa kwenye magoti ya watu, majibu yaliyotoka 2020 yalionyesha haikuishinda dawa tupu, ile isiyo na kitu ndani inayotolewa kwa kulinganisha tu. Na seli hizi si za kufyekwa ovyo: seli yenye kasoro ikisimama haigeuki saratani, na kidonda hufunga vizuri zaidi zikiwepo. Kwa hiyo daktari hakuwa na kidonge cha kumpa. Hilo nalikubali.

Lakini maneno alikuwa nayo. Angeweza kumwambia kwamba misuli ya paja ikiimarishwa hulipunguzia goti mzigo, kwamba kupungua kilo chache kunasaidia, kwamba kuna fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na dawa za maumivu. Hakusema hata moja. Jioni ileile jirani akaja na kopo la vidonge vya "kusafisha seli zilizozeeka", bei yake inazidi mboga za nyumba nzima kwa mwezi, na mama alikuwa tayari ameshafungua kanga kutoa hela. Mtu aliyerudishwa nyumbani mikono mitupu atanunua chochote. Simlaumu.

Nilimweleza habari za seli usiku, tukiwa jikoni. Akasikiliza, akanyoosha vidole vyake vinavyosuka ukili mpaka leo, akaniuliza: "Mbona hizi za mikono hazijasimama?"

Fizio ni Alhamisi. Swali hilo nimemwambia akaliulize mwenyewe.