Kituo cha jamii: cha kijiji au cha mradi?

Ukitoka Mtwara mjini kuelekea Masasi, mabango ya miradi unayahesabu mpaka unachoka. Mengine rangi imebabuka, "kwa hisani ya watu wa" inasomeka, lakini watu wenyewe wa wapi, kutu imeshakula. Ukiuliza mradi uko wapi, unaonyeshwa jengo lenye kufuli. Kilomita chache mbele unaweza kukuta kituo kingine kisicho na bango la maana. Watoto kama arobaini wanakunywa uji, kina mama wako chini ya mkorosho wakisubiri watoto wapimwe mkono kwa ule utepe wa rangi tatu unaoonyesha utapiamlo, na bibi mmoja anagombana na mpishi kwa sababu ya sukari.

Vyote viwili ni vituo vya jamii visivyo vya kibiashara, na vyote vilianza kwa ahadi ile ile ya kulea watoto, kusaidia familia na kulinda afya. Kwa nini kimoja kina uji na kingine kina kufuli?

Wapo wanaouliza kama vituo hivi vinahitajika kabisa. Tangu 2007 serikali ilipoanza mpango wa afya ya msingi, lengo limekuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengi yamesimama. Sasa ya nini kujenga kingine pembeni? Hoja hii ina uzito, lakini haijaangalia kalenda ya mtoto wa huku kwetu. Mtoto akishachomwa chanjo ya pili ya surua akiwa na miezi 18, mama haoni tena kilichobaki kliniki, ingawa kadi ina nafasi ya kuandika uzito hadi miaka 5. Darasa la awali anaanza na miaka 5. Hapo katikati kuna miaka mitatu na zaidi ambayo mtoto hayuko kwa nesi wala kwa mwalimu. Yuko kwa bibi.

Na bibi wa Newala au Tandahimba si yule wa hadithi anayekaa barazani. Analea watoto wa binti aliyekwenda Dar es Salaam, na wa mwanawe ambaye ndoa imevunjika, huku naye ana shamba. Kuanzia mwezi wa sita mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na vumbi lake mtoto mchanga hana haja nalo kifuani. Mwezi wa kumi korosho zinaanguka, familia zinahamia kwenye vibanda vya shambani, mtoto wa miaka sita anabeba wa miaka miwili. Kwenye miezi hiyo, kituo chenye mlezi, kivuli na tenki la maji ya mvua kinafanya kazi ambayo zahanati haikuumbiwa. Tenki lenyewe si jambo dogo kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yanasukumwa kutoka mbali bondeni. Mama atakayekuja kuteka ndoo ndiye huyo huyo atakayesikia habari za chandarua.

Kuna na upande wa kuaminiana, ambao hauandikwi sana kwenye ripoti. Matende na mabusha yamewatesa watu wa Lindi na Mtwara miaka mingi. Minyoo yake inaenezwa na mbu, na kingatiba, yaani dawa ya kuzuia ugonjwa, inamezwa mara moja kwa mwaka, lakini ili maambukizi yakatike inatakiwa imezwe na angalau asilimia 65 ya watu wote, tena kwa miaka 5 au zaidi. Hapo ndipo maneno ya vijiweni yanapoingia, kwamba dawa inamaliza nguvu za kiume. Mzee mwenye busha hawezi kumfungulia moyo nesi wa umri wa mjukuu wake. Kwa jirani aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, tena mahali anapokaa kila siku kucheza bao, anaweza. Manyakanga na makungwi, wanaofunda vijana jandoni na unyagoni, vilevile. Ukitaka binti aliyejifungua arudi shule, jambo ambalo serikali iliruhusu Novemba 2021, mwite nyakanga kituoni mapema. Neno lake linafika pasipofika waraka.

Mpaka hapa naonekana wakili wa vituo. Lakini kasoro yake kubwa iko kwenye kitu vinachojivunia zaidi, nacho ni uji.

Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto wa chini ya miaka 5 nchini ulikuwa asilimia 34 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, na ukashuka hadi asilimia 30 katika ule wa 2022. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakituimbia siku 1,000, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili. Ndani ya siku hizo ndimo urefu wa mtoto unapoamuliwa kwa sehemu kubwa. Vituo vingi vinapokea mtoto wa miaka mitatu. Amechelewa. Uji unamshibisha, unamchangamsha, unamwezesha kukaa na kujifunza, na hayo si machache. Ila tusidanganyane kwamba unafuta udumavu. Aliyehitaji karanga, dagaa na mboga za majani zaidi ni mama yake alipokuwa mjamzito na akipalilia shamba, akila ugali wa muhogo mchana na ming'oko, vile viazi vya porini, jioni. Tatizo ni kwamba mama mjamzito anayekula sahani ya mboga hatoi picha nzuri. Watoto arobaini na vikombe vya rangi, hao wanatoa. Samahani kwa ukali huo, lakini nimeona kamera nyingi zaidi ya mizani.

Kasoro ya pili ni kwamba kituo kizuri kinaweza kuilaza halmashauri. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa mwaka kwa ajili ya lishe. Elfu moja hainunui hata kilo ya sukari, na bado kuna mahali hata hiyo inakuja kwa kusukumwa. Penye mfadhili, kusukuma kunapungua, maana jibu liko tayari: "Pale kuna wafadhili." Takwimu za kituo zinaingia kwenye taarifa ya wilaya kana kwamba ni kazi ya wilaya.

Halafu mfadhili anaondoka. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na katikati ya mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikawa imefikia mwisho. Lakini hata bila tukio kubwa namna hiyo, mradi wa miaka mitatu unaisha ukiwa na miaka mitatu. Mtoto aliyezaliwa siku ya uzinduzi hajafika hata darasa la awali.

Watetezi watanijibu kwa neno moja: Ndanda. Misheni ya Wabenediktini ipo pale tangu 1906, na hospitali yake imetibu vizazi. Ni kweli, na ni taasisi isiyo ya faida. Lakini Ndanda haikuishi kwa barua za maombi peke yake. Ina shule, karakana na mashamba, na mgonjwa anachangia matibabu. Kutotafuta faida si sawa na kutokuwa na kipato, na vituo vyetu vingi vimechanganya mambo haya mawili.

Kipato cha kijiji huku kinajulikana, ni korosho. Chukua kijiji kinachouza tani 300 kwa msimu kupitia chama cha msingi cha ushirika. Shilingi 10 kwa kilo inaleta milioni 3. Walezi wawili wakilipwa shilingi 100,000 kila mmoja kwa mwezi, mwaka unakula milioni 2 na laki 4, inabaki laki 6 ya chakula na ukarabati. Si utajiri, ila mlango hautafungwa.

Najua nitakachoambiwa, maana nimeshaambiwa: "Makato tena?" Mkulima anakatwa ushuru, anakatwa ya chama, ya ghala, ya usafiri. Msimu wa 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliosubiri malipo miezi mingi. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa, ile sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje iliyokuwa ikirudi kwenye zao ikaenda Mfuko Mkuu wa serikali. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kushika mfuko wake. Na mwaka wa mavuno mabaya je? Na asiye na mkorosho hata mmoja, ambaye pengine ndiye mwenye watoto wengi kituoni?

Hata hivyo ningechagua makato hayo kuliko bango, kwa sababu moja. Shirika linatoa taarifa kwa msajili na kwa mfadhili. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, mara nyingi hausomewi daftari la kituo, kwa sababu si fedha yake. Mtu akikatwa shilingi 10 atauliza zimekwenda wapi. Atauliza kwa kelele.

Yule bibi wa sukari nilimdhania msumbufu tu. Baadaye nikaambiwa karanga zilizosagwa kwenye uji ule zilitoka shambani kwake.