Tingatinga hakuanzia kwa watalii

Asante mwandishi kwa makala kuhusu mchoraji Edward Saidi Tingatinga, ila pale uliposema mtindo wake wa picha "ulizaliwa kwa ajili ya watalii" nimeumia. Ni kweli wazungu wa Oyster Bay, mtaa wa Dar es Salaam, walikuwa wateja wake, lakini wateja hawakumfundisha kushika brashi. Huyu alitoka Tunduru, mama yake Mmakua. Kule kusini watu walikuwa wakichora wanyama na watu kwenye kuta za udongo. Akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta vibarua. Wapo wanaosema aliona picha za Wakongo zikiuzwa mjini akajiambia hata mimi naweza. Mimi naamini vyote viwili, michoro ya kusini na picha za Wakongo, vilimjenga.

Alianza kuchora mwaka 1968 kwa alichoweza kukipata: vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli. Ndiyo maana picha zile zinang'aa. Sebuleni kwangu ninayo ya chui, kazi ya kijana wa pale Morogoro Stores, Oyster Bay, wanakochora na kuuza picha hizi. Ukipitisha kidole unazisikia nukta za madoa zimevimba, moja moja. Mwanangu mdogo hapiti bila kuzigusa.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Miaka minne tu ya kuchora! Tafadhali andika makala nyingine kuhusu wanafunzi wake, akina Simon Mpata na January Linda. Hao ndio walioendeleza kazi.