Mama, Wakili na Pointi 25

Nairobi kila mtu ana umri wake sahihi wa kuhamia majuu, na wote wanaoutaja ni watu ambao hawajawahi kuvuka hata mpaka wa Namanga.

Kinyozi wangu pale Umoja anasema ni 23. "Kabla hujaoa, kabla hujanunua sofa. Mwanamume akishanunua sofa, huyo haendi popote." Anayasema hayo akiwa ameshika mashine, na mimi nina mke, watoto wawili na sofa yenye umbo la L, lakini utabishanaje na mtu aliyekunyoa upande mmoja tu? Mzee wa kanisa anasema usiondoke kabla hujajenga kwenu, maana ukiletwa kwa jeneza watakulaza wapi. Mkubwa wangu kazini anaipigia debe Ujerumani. Tangu Juni 2024 Wajerumani wana kadi ya kutafutia kazi, Chancenkarte, nayo inadai angalau pointi 6. Ukiwa hujapita miaka 35 unapata 2 za ujana, ukiwa kati ya 35 na 40 unapata 1, ukishapita hapo ujana wako ni siri yako na Mungu. Na yule jirani wa ghorofa ya chini aliyeenda Minnesota baada ya kustaafu, akalea wajukuu na kurudi na makoti ya kuuzia mtaa mzima, ndiye mtu pekee wa ploti yetu aliyewahi kwenda. Hakuna anayemwuliza maoni.

Mimi nilikuwa wa Kanada. Wakanada hawabahatishi, wana mfumo wa kuchagua wahamiaji unaoitwa Express Entry, na ndani yake kuna jedwali la umri lisilo na haya. Mtu aliyeoa au kuolewa, akiwa na miaka 20 hadi 29, hupewa pointi 100. Kuanzia 30 wanammega 5 kila mwaka: 30 ni 95, 35 ni 70, 40 ni 45. Ukivuka 40 mzaha unaisha, sasa wanachota 10: miaka 41 ni 35, 42 ni 25, 43 ni 15. Ukiwa na 44 wanakupa 5 za pole. Ukifika 45 ni sufuri. Hawakukatazi kuomba, la hasha. Wanakuacha ujitazame.

Kitambulisho changu kinasema 1982, na mwaka wenyewe ulikuwa 2024. Pointi 25, na siku ya kuzaliwa inayofuata ingekula 10.

Ndipo nilipokumbuka kadi ya ubatizo. Marehemu baba aliacha sanduku la bati lenye risiti za tangu enzi za koloni, na katikati yake kadi yangu, rangi imekuwa ya chai. Panya walikuwa wameitafuna pembeni, wakala siku na mwezi, wakabakiza "1984" imening'inia kati ya mistari miwili: nusu kwenye "tarehe ya kuzaliwa", nusu kwenye "tarehe ya kubatizwa". Mimi niliisoma kwa imani. Tena nilikuwa na ushahidi. Tangu utotoni Mama ana hadithi moja ambayo wageni wote wameisikia, ya jinsi nilivyokataa uji wa mahindi ya manjano. Hayo ni mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo wakati wa ukame wa 1984, na mtu yeyote wa rika la mamangu ukimtajia bado anakunja uso. Sasa anayenywa uji si mtoto mchanga? Hesabu ilikuwa imekamilika.

Nikaipeleka kwa ajenti wangu wa mambo ya kuhama. Mezani ana bendera ndogo ya Kanada na kalamu nyekundu, na kalamu ndiyo iliyofanya kazi: 42 ni 25, 40 ni 45, tofauti 20. Akazungushia duara.

"Kaka, miaka miwili hii ni mali. Mama yuko hai?"

"Yuko. Kwetu Taita."

"Basi umeshafika Toronto. Aje aape."

Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, nilizaliwa nyumbani mikononi mwa nyanya. Uzazi ukipita miezi 6 bila kuandikishwa huhesabiwa umechelewa, na ofisi hudai ushahidi. Kwa hiyo mpango ukawa hivi: hati ya kiapo ya Mama, kisha cheti, kisha kitambulisho kirekebishwe, kisha pasipoti. Kwa simu nilimwambia Mama tu kwamba kuna karatasi ya kutia sahihi Nairobi. Yeye akadhani nimenunua shamba. Akapanda treni pale Voi, akashuka Syokimau na ndizi, maparachichi, na Biblia yake iliyoshonewa kitambaa cha maua. Ningeiona ile Biblia kwa makini zaidi, labda ningemrudisha na treni iliyofuata.

Wakili alikuwa kijana mpole, tai imemkaba, na hati alishaichapa. Ajenti naye alikuja, amekumbatia faili langu. Wakili akaanza kumsomea Mama kwa Kiswahili.

"Kwamba wewe ndiye mama mzazi wa huyu bwana."

"Ndiyo."

"Kwamba ulimzaa nyumbani, Taita."

"Mbele ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Ndiyo."

"Kwamba ulimzaa mwaka 1984."

Mama akavua miwani. "Nani?"

"Huyu, mama."

Akanigeukia, akaninusa kidogo, kama anayetaka kuhakikisha sijaanza kunywa asubuhi. Kisha akamrudia wakili. "Mwanangu, mwaka wa 84 huyu alikuwa anachunga mbuzi."

Nikaingilia kati. "Mama, si ule uji wa njano..."

"Ulikuwa na miaka sita!" Sauti yake ilimtoa karani chumba cha pili. "Njaa imeshika nchi nzima, watu wanapanga foleni kwa chifu, na mtoto wa miaka sita anasusia uji! Ndiyo maana naisimulia mpaka leo. Kitoto kichanga kikikataa uji, hiyo nayo ni hadithi ya kumpa mgeni?"

Wakili akakohoa. Akasema basi hakuna shida, tuandike 1982 kama kitambulisho kinavyosema.

"Hiyo 1982 ni ya babake," Mama akasema, na akaeleza yote, kwa utaratibu, kwa watu ambao hawakumwomba. Kwamba nyanya alikataa kuniachilia kwa sababu mbuzi wangechungwa na nani. Kwamba nilipopelekwa darasa la kwanza mwaka 1988 nilikuwa na miaka kumi na nilimfikia mwalimu kifuani, na mwalimu mkuu akauliza huyu ni mwanafunzi au amemleta mwanafunzi. Kwamba baba, aliyekuwa na haraka ya kwenda sokoni, alijibu nilizaliwa mwaka wa mapinduzi, kwa kuwa ndio mwaka pekee uliomjia kinywani. Hayo mapinduzi ya tarehe 1 Agosti 1982, ya askari wa anga walioteka redio kwa saa chache, yalishindwa siku hiyohiyo. Mwaka wa baba haukushindwa. Uliingia kwenye rejista, ukaingia kwenye cheti cha darasa la nane, ukaingia kwenye kitambulisho.

"Sasa alizaliwa lini hasa?" wakili akauliza. Sikumtuma kuuliza.

Hapo ndipo Mama alipofungua mkoba na kutoa Biblia. Wakili akamwambia, mama, hapa unatia sahihi tu, si lazima. Mama akaweka kiganja juu ya kitambaa cha maua.

"Mzee Kenyatta alifia Mombasa, siku ya Jumanne, tarehe 22 Agosti 1978. Mimi nilikuwa ndani, arobaini haijaisha. Redio haina ngoma, ni nyimbo za huzuni asubuhi mpaka jioni, na huyu analia. Nikamwambia lia, mwanangu, leo nchi nzima inalia."

Kimya. Wakili mwenyewe aliguswa, niliona. Ajenti hakuguswa. Alihesabu kwa vidole chini ya meza, akanong'ona "arobaini na sita", na akafunga faili langu taratibu, kifungo kwa kifungo.

Nilijaribu kusema kwamba mbele ya serikali mimi bado ni wa 1982, karatasi ni karatasi. Ajenti, ambaye ghafla alikuwa mtu wa sheria, akanikumbusha kwamba Kanada wakikukuta umewadanganya wanakufungia nje miaka 5. Nikajumlisha. Miaka 51. Mama akasema andikeni mnachotaka, ila yeye atakisoma kwanza. Wakili akachukua ada yake kamili, maana mteja amekula kiapo, hata kama kiapo chenyewe kilimla mteja.

Ndani ya matatu ya kurudi Umoja, Mama alipiga simu ukoo mzima. Bado nadhani alifurahi, alikuwa amekaa na siri hiyo tangu 1988 bila mtu wa kumwuliza. Na mimi nikabaki dirishani mambo yakijipanga yenyewe: kwa nini nilikuwa na ndevu darasa la nane, kwa nini mwalimu wa hesabu aliniita "mzee" na kunituma nimlipie deni kwenye hoteli, kwa nini timu pinzani kila mara ilidai nionyeshe kitambulisho kwenye mechi za watoto. Na binamu yangu, aliyezaliwa 1980! Huyo nimemwita kaka maisha yangu yote. Kila Krismasi mimi ndiye ninayebeba mizigo yake kutoka stendi, ninayemwachia kiti, ninayekula baada yake. Kabla hatujafika Donholm alikuwa ameshanitumia ujumbe: "Shikamoo." Sijui kama ni heshima au ni matusi.

Nyumbani nilitarajia huruma. Mke wangu alipochumbiwa alikuwa na sharti moja, kwamba mume asimzidi miaka mitano. Kwa kitambulisho nilimzidi minne. Alinitazama kwa muda mrefu, akatazama sofa, akatazama tena mimi. "Nane," akasema. "Nimeolewa na babu, na nikapika pilau siku ya arusi."

Kisha akaomba lile jedwali. Alilisoma amesimama, sare ya kazi bado mwilini, kalamu kwenye mfuko wa kifuani. Mke wangu ni muuguzi. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mimi, ajenti na kalamu yake nyekundu tulikuwa hatujalikumbuka hata siku moja. Ana miaka 38. Miaka 38 ni pointi 55. Tangu 2023 Kanada huwaita watu wa afya katika awamu zao wenyewe, mbali na kundi letu la watunza stoo. Tena umri wa mwenzi hauhesabiwi kabisa. Nilifuatilia jedwali lote kwa kidole. Elimu ya mwenzi wanaihesabu, lugha wanaihesabu, kazi aliyowahi kufanya Kanada wanaihesabu. Umri, hapana. Ningeweza kuwa nilizaliwa kabla ya reli ya Mwingereza na wasingejali.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwombaji," nikasema.

"Na wewe ni mzigo," akajibu, bila ubaya wowote, akaanza kupakua mazoezi ya mtihani wa Kiingereza. Wangu mimi unaweza kutuletea mpaka pointi 20, kwa hiyo jioni hizi nakaranga chapati huku nimevaa visikilizio, Mwingereza fulani ananieleza jinsi ya kufika maktaba, nami namjibu kwa sauti na watoto wanacheka.

Jumapili tulimsindikiza Mama mpaka Syokimau. Mke wangu alikuwa amechangamka kuliko wote, amembebea mkoba, anamwahidi makoti ya Kanada. Foleni ya ukaguzi ilikuwa imesogea, Mama ameshaweka Biblia kwenye mashine, akakumbuka kitu, akageuka.

"Na huyu wa kwako, hiyo 38 yake," akasema, "mmemwuliza mamake?"

Mke wangu akaacha kucheka. Mama mkwe wangu yuko Kitale, ana simu, ana akili timamu, na ana kumbukumbu inayoogopwa na ukoo wote. Wiki sasa inakwisha. Hajapigiwa.